Mama hawezi ngazi, baba anataka mlima: siku nne katika visiwa vya Karibi

Swali: "Mwezi wa pili familia yetu inapanda meli ya kitalii San Juan, Puerto Rico, kwa wiki moja. Tutashuka Dominica, Saint Lucia, Barbados na St. Kitts. Tuko watano: mimi, mume wangu anayependa sana kupanda milima, kijana wetu wa miaka 14, binti wa miaka 9, na mama yangu wa miaka 67 aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Magoti yanamsumbua, na ingawa amezaliwa ufukweni hajui kuogelea. Orodha ya matembezi ya meli ni ndefu na bei zake zinatisha. Tununue ya meli au tushuke tujitafutie? Na kila kisiwa tufanye nini?" (Dada wa Columbus, Ohio)

Dada, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Nilikaa miaka saba kwenye dawati la matembezi la meli za kitalii, na sehemu kubwa ya miaka hiyo tulizunguka visiwa hivi hivi. Jibu fupi ni hili: mahali mnapokwenda pakiwa mbali na bandari, nunueni melini, pakiwa karibu, shukeni mchukue teksi. Kwa safari yenu maana yake ni kwamba Saint Lucia na St. Kitts mnunue melini, Dominica na Barbados mjitafutie. Sababu zake ni mbili, saa na magoti.

Tuseme meli inafunga gati saa mbili asubuhi na abiria wote wanatakiwa wawe ndani saa kumi na nusu jioni. Kwenye karatasi mna saa nane na nusu. Lakini kushuka watu watano, mmoja akitembea pole pole, kunakula saa nzima: foleni ya lifti, foleni ya kadi mlangoni, gati refu, halafu maelewano na dereva. Na mwisho wa siku nilikuwa nikimwambia kila mtu awe bandarini saa moja na nusu kabla ya muda kuisha, kwa sababu barabara za visiwa hivi ni nyembamba na lori moja likiharibika kwenye kona linaziba njia yote. Mnabaki na saa sita. Kila mpango upimeni kwa hizo sita.

Basi la meli likichelewa, meli inasubiri, na ikishindikana kabisa kampuni ndiyo inayobeba jukumu la kuwafikisha bandari inayofuata. Mkienda wenyewe mkachelewa, meli inaondoka. Nimesimama sitahani mara nyingi nikiwatazama watu wanakimbia gatini na mikoba yao huku kamba zimeshafunguliwa, na sikuwahi kuona meli ikirudi kwa ajili yao. Hilo ndilo mnalolipia kwenye ile bei inayokutisha, kwa sababu kwa uzuri wa matembezi hakuna tofauti: basi la meli na teksi ya bandarini huegeshwa ubavu kwa ubavu kwenye maporomoko yale yale. Bahati yenu nyingine ni kwamba San Juan na visiwa vyote vinne hutumia saa moja mwaka mzima, kwa hiyo saa ya meli na saa ya mjini hazitawachanganya. Kwa safari zinazoanzia Florida wakati wa baridi, nimeona watu wakiachwa kwa tofauti ya saa moja tu.

Sasa magoti. Kwenye orodha ya meli kila tembezi limepewa daraja: rahisi, wastani, gumu. Msiyategemee madaraja hayo. Mwaka wangu wa pili kazini nilimuuzia bibi mmoja, umri kama wa mama yako, tiketi ya maporomoko iliyoandikwa "wastani". Sikumuuliza chochote. Aliteleza kwenye jiwe lenye utelezi, akavunjika mkono, na siku zote zilizobaki akazimaliza amekaa kwenye kiti ndani ya meli. Kosa lile lilikuwa langu, na nililibeba muda mrefu. Tangu hapo niliacha kutaja madaraja, nikawa nauliza mambo matatu: nyumbani unapanda ngazi ngapi bila kupumzika? Unaweza kukanyaga jiwe lililolowa bila kushikwa? Unaweza kukaa muda gani bila choo? Muulize mama hayo kabla hujaifungua tena orodha, na muulize mkiwa wawili tu. Mbele ya wajukuu atasema anaweza kila kitu.

Kuna jambo moja la kijiografia litakalokusaidia kupanga hata bila mimi. Dominica, Saint Lucia na St. Kitts zimezaliwa na volkano, kwa hiyo kuna milima mikali, barabara za kona, chemchemi za moto, na fukwe nyingi zina mchanga mweusi. Barbados sehemu yake kubwa ni mawe ya matumbawe, kama Mombasa, kwa hiyo ardhi yake haina milima mikali, mchanga ni mweupe, na chini kuna mapango. Na kwenye visiwa vyote vinne upepo hutoka mashariki karibu mwaka mzima. Hakuna kugeuka kwa kaskazi na kusi kama kwetu. Upande wa magharibi bahari hutulia, upande wa mashariki huchafuka. Mtu akiwauzia ufuo wa kuogelea ulio mashariki, muulizeni maswali mengi kabla ya kutoa pesa, hasa mkiwa na binti wa miaka 9.

Dominica ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nataka muitendee haki. Isichanganywe na Jamhuri ya Dominika; ni nchi nyingine kabisa, ndogo, yenye milima mikubwa. Septemba 2017 kimbunga Maria kiliipiga kikiwa cha daraja la 5, daraja la juu kabisa, na miti ikabaki mifupa mitupu. Leo kijani kimerudi, na ukipita barabarani unaona jinsi msitu unavyoweza kusimama tena. Ninyi mnakwenda Februari, nje kabisa ya msimu wa vimbunga unaoanza Juni na kuisha Novemba.

Hapa gawanyikeni makundi mawili. Baba na kijana wachukue mwongozaji waende maporomoko ya Middleham, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Morne Trois Pitons, ambayo imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1997. Kutoka Roseau, mji mkuu wenye bandari, ni kama nusu saa kwa gari, kisha wanatembea msituni saa moja na zaidi kwenda, na nyingine kurudi, juu ya mizizi na matope. Mwishoni maji yanaanguka kutoka karibu mita 60. Mume wako akishasoma habari za kisiwa hiki atataka kwenda Ziwa Linalochemka, na simlaumu, kwa kuwa ni ajabu kweli: bwawa la maji ya kijivu linalotokota kama sufuria jikoni, katikati ya mlima. Lakini kwenda na kurudi ni kama saa sita za kutembea kwa nguvu. Saa sita zenu zote zimeishia hapo, na bado hamjahesabu gari. Mzuie. Hiyo ni safari ya mtu anayelala kisiwani.

Wewe, mama na binti chukueni teksi hadi maporomoko ya Trafalgar, bondeni juu ya Roseau, chini ya nusu saa. Kuna njia fupi iliyotengenezwa inayofika kwenye jukwaa la mbao, na kutoka hapo mnayaona maporomoko mawili kwa pamoja. Wenyeji wanayaita Mama na Baba. Mama yako aende taratibu na mkongojo wake, na aishie jukwaani. Mbele ya jukwaa ni mawe makubwa yenye maji, na vijana wa pale watawaambia ni karibu tu. Msikubali. Mkitoka hapo, dereva awapeleke Wotten Waven, kijiji cha jirani chenye chemchemi za moto. Ni sehemu ndogo ndogo za familia, zenye mabwawa katikati ya bustani, na maji yananuka salfa kama yai viza. Kwa magoti ya mama hakuna mahali pazuri zaidi katika safari yote. Kama ana presha asizame mwili mzima, akae pembeni aloweke miguu dakika chache. Akitaka kubaki na dera na mtandio wake, hakuna atakayemsumbua.

Njiani mwambie atazame mashamba. Ataona magimbi, ndizi, mikungumanga, na mishelisheli mikubwa kama ile ya kwetu. Shelisheli ililetwa visiwa hivi kutoka Tahiti mwaka 1793, na nahodha Mwingereza aliyeitwa William Bligh, ili kuwalisha kwa gharama ndogo Waafrika waliokuwa watumwa mashambani. Sasa ni chakula cha kila nyumba. Huchomwa juu ya makaa mpaka ganda liwe jeusi. Mkikuta wanachoma, nunueni.

Kama mvua imenyesha usiku kucha, badilisheni mpango bila majuto. Mito ya Dominica hujaa ghafla, na mahali kama Titou, ufa mwembamba wa mwamba ambamo watu huogelea, hapakaliki maji yakija. Siku kama hiyo, bahari ikiwa tulivu, ulizieni boti za kutazama nyangumi. Upande wa magharibi kina kinashuka sana karibu na pwani, na wale nyangumi wakubwa wenye kichwa cha mraba wanaishi hapo mwaka mzima. Mabaharia huwatafuta kwa kifaa kinachosikiliza mlio wao chini ya maji. Novemba 2023 serikali ilitangaza karibu kilomita za mraba 800 za bahari kuwa hifadhi yao.

Saint Lucia ndiyo inayowapotezea watu siku. Meli inafunga Castries, kaskazini, wakati yale yaliyo kwenye picha zote, ile milima miwili ya Pitons, yako Soufrière kusini magharibi. Kwa barabara ni zaidi ya saa moja kila upande, kona juu ya kona, kupanda na kushuka. Watoto hutapika, na mtu mwenye magoti mabovu akishuka kwenye basi hawezi kuyanyoosha. Nendeni kwa bahari. Nunueni melini ile safari ya katamarani, boti pana yenye miili miwili, inayoteremka pwani hadi Soufrière. Mama wa Tanga hawezi kuogopa chombo. Pitons zikitazamwa kutoka majini, zimesimama wima moja kwa moja kutoka baharini, Gros Piton ikifika kama mita 770, huelewi kwa nini mtu angetaka kuziona kwa dirisha la basi. Kabla ya kulipa, uliza dawatini swali moja: kuingia na kutoka kwenye boti ni kwa ubao wa gatini au kwa ngazi ya kamba? Nyingi ni ubao, lakini hakikisha.

Safari hizo mara nyingi husimama kwenye chemchemi za salfa, ambako gari hufika karibu kabisa na mashimo yanayofuka moshi. Zamani wageni waliruhusiwa kutembea juu yake, mpaka mwongozaji mmoja alipotumbukia na kuungua; sasa mnatazama kutoka kwenye kizuizi, kisha kuna mabwawa ya tope la moto ya kujipaka. Watoto watafurahi kupita kiasi. Wavae nguo za kuogelea za zamani, tope lile halitoki kwenye kitambaa cheupe, na vito vya fedha viachwe melini kwa sababu salfa huvifanya vyeusi. Kama safari yenu inaingia bustani ya Diamond, mama ataipenda: njia zake ni tambarare, na maporomoko madogo yameupaka mwamba rangi kwa madini.

Mume wako atataka kupanda Gros Piton. Fanyeni hesabu: gari zaidi ya saa moja na nusu kwenda, kama saa nne za mlima, gari tena kurudi. Inazidi saba. Nimlilie kidogo hata hivyo, kwa sababu kijiji kilicho chini ya mlima ule, Fond Gens Libre, maana yake ni bonde la watu huru, na walikuwa kweli watu huru: watumwa waliotoroka wakajificha kwenye miteremko ile na kupigana na waliowamiliki. Muongozaji wa kijijini huwaonyesha wageni njia walizotumia. Akirudi siku nyingine kwa ndege, aanzie hapo.

Barbados ni rahisi. Ghuba ya Carlisle iko dakika kama kumi kwa teksi kutoka bandari ya Bridgetown, mchanga mweupe, maji yametulia, miavuli ya kukodi, choo karibu. Chini ya maji kuna meli kadhaa zilizozama, mojawapo ya tangu 1919, kwenye kina kidogo kiasi kwamba aliyevaa miwani na mrija anaiona akielea juu. Kijana na baba waende kwa boti na mwongozaji. Binti avae jaketi la kuokolea hata kama anajua kuogelea. Mama na wewe chukueni boti ya kioo, kama zile za Malindi, mtawaona kasa na pengine ng'amba bila kulowa. Boti nyingi huwarushia kasa vipande vya samaki ili wasogee. Tafadhali waambieni watoto wasiwashike. Kasa aliyezoea kulishwa huzifuata injini, na injini ndizo zinazompasua gamba.

Mama atauliza maji yanakupwa saa ngapi. Hayakupwi, au kwa jicho la mtu wa Tanga hayakupwi. Kwetu bamvua likitoka unatembea juu ya mwamba mpaka mbali. Visiwani huku tofauti ya kujaa na kupwa mara nyingi haifiki hata mita moja. Yule aliyelelewa na bahari inayoondoka na kurudi atahisi kuna kitu kimekosekana.

Kama jua ni kali mno, pango la Harrison ni mbadala mzuri: mnaingia chini ya ardhi mkiwa mmekaa kwenye kigari cha umeme, na mama anaweza kuwasimulia wajukuu juu ya Amboni, ambayo nayo ni pango la mawe ya chokaa. Chakula ulizieni cou-cou, ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, kwa samaki wanaoruka. Ni mlo wao wa taifa, na kwa ninyi msiokula nyama isiyochinjwa kwa taratibu zetu hauna shida. Kijana akitaka kupanda vile vidaladala vyenye namba za ZR, muziki juu na konda mlangoni, mruhusu akiwa na baba yake.

St. Kitts ni siku ya mama. Nunueni treni. Reli ile ilijengwa kati ya 1912 na 1926 kubeba miwa kutoka mashambani hadi kiwandani Basseterre, na sukari ilipofungwa 2005 ikabaki kubeba wageni. Safari nzima ni kama saa tatu, sehemu kubwa kwa treni na iliyobaki kwa basi, kukizunguka kisiwa. Mabehewa yana ghorofa mbili. Chini kuna viti na kiyoyozi, juu ni wazi. Mama akae chini, hakuna ngazi za kupigana nazo. Baba na kijana, kama hawataki kukaa, wachukue teksi kwenda ngome ya Brimstone Hill, chini ya nusu saa. Ilianza kujengwa 1690, na kwa zaidi ya miaka mia moja Waafrika watumwa walipandisha mawe yale mlimani. Mlima Liamuiga, wenye mita 1,156, wauache kwa sababu ile ile ya Gros Piton.

Bandarini mtakutana na watu wenye tumbili waliovalishwa nepi, wanawawekea wageni begani kwa picha ya kulipia. Ni ndugu wa tumbili wetu, walioletwa kutoka Afrika Magharibi karne ya 17, na sasa wamejaa msituni. Mpiteni. Wa porini mtawaona bure.

Mengine kwa haraka. Pasipoti ya mama: meli ikitoka San Juan, yeye ametoka Marekani, kwa hiyo visa yake lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja na iwe hai siku ya kurudi. Angalieni pia masharti ya kila kisiwa kwa pasipoti ya Tanzania, na abebe kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano. Kijana asibebe nguo yoyote ya mabaka kama ya jeshi. Barbados, Saint Lucia na Dominica ni kosa kisheria, kama ilivyo nyumbani. Ufukweni msikae chini ya mti wenye matunda kama tufaha dogo la kijani, hasa mvua ikinyesha. Unaitwa manchineel, utomvu wake unaunguza ngozi na tunda lake ni sumu. Mingi imepigwa rangi nyekundu kwenye shina. Na kila mkielewana na dereva, ulizeni mambo mawili kabla ya kupanda: bei ni ya gari zima au ya kila mtu, na ni dola ipi? Dola ya Marekani ni 2.70 za visiwa vya Karibi ya Mashariki, na ni 2 za Barbados. "Hamsini" inaweza kuwa pesa mbili tofauti kabisa.

Kila asubuhi kwenye karatasi ya ratiba huchapishwa jina na simu ya wakala wa meli bandarini. Pigeni picha, na kila kundi linaloshuka liwe nayo.

Leo usiku nunua viti vya treni ya St. Kitts kwanza, ndivyo vinavyojaa mapema, kisha katamarani ya Saint Lucia. Dominica na Barbados hazihitaji hata senti kwa sasa. Wakati wa kuzipanga utakuwa usiku wa kuamkia kisiwa chenyewe, baada ya kumwuliza mama magoti yameamkaje.